Nishani Kwenye Koti la Mjomba

Nimepigiwa saluti mara moja tu maishani, na haikuwa yangu.

Ilikuwa Malaba, asubuhi ya mwezi wa tisa, mvua ikinyunyiza. Nilikuwa nimekwenda kwenye yadi moja ya malori kuchukua sanduku la vitabu lililotoka Kampala. Mlinzi wa lango, mzee mwembamba mwenye ndevu nyeupe zilizokatwa sawasawa, aliponiona aliweka kikombe chake cha chai juu ya tofali, akakaza mgongo, akagonga kiatu chini na kunyanyua mkono hadi kwenye ukingo wa kofia. Niligeuka kuona ni nani aliyekuwa nyuma yangu. Nyuma yangu palikuwa na trela la saruji na mama anayeuza mandazi.

"Mimi?" nikauliza.

"Kwani kuna mwingine hapa mwenye nishani, afande?"

Nikajiangalia. Kwenye mfuko wa juu wa koti nililovaa, upande wa kushoto, duara la chuma lilikuwa linaning'inia chini ya utepe wa rangi. Nilikuwa nimetoka nayo nyumbani, nikapita foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Uganda, nikasimama kununua gazeti, nikabishana na mwenye gazeti, yote hayo bila kujua kwamba nilikuwa shujaa.

Ni vizuri mtu ajue ni nani aliyekuwa ndani ya koti lile. Nina miaka hamsini na miwili, nyayo bapa na shahada mbili za fasihi. Nafundisha kwa mkataba na kuandika makala ambazo watu huniambia wamezihifadhi ili wazisome baadaye. Radi ikipiga karibu, huwa nakumbuka ghafla kazi iliyobaki chumba cha ndani.

"Ulikuwa kikosi gani?" mzee akauliza, bado amesimama wima.

"Idara ya fasihi," nikasema. Sikuwa natania. Ndicho kikosi pekee nilichowahi kuwa nacho.

Mkono wake ukashuka polepole. "Na hiyo koti ni ya nani?"

Koti lilikuwa la mjomba wangu, kaka yake mama, aliyefariki mwezi wa sita nyumbani kwake karibu na Nangina. Kwetu, mtu akishazikwa, hupita siku kadhaa kisha familia hukutana, watu hunyolewa nywele, na vitu vidogo vya marehemu hugawanywa. Mzee wa ukoo huketi kando ya mkeka. Juu ya mkeka huwekwa jembe, redio, baiskeli, kofia, fimbo. Koti la mwanamume huenda kwa mtoto wa dada yake. Hakuna mjadala. Hata kama mtoto wa dada ni mfupi na marehemu alikuwa mrefu, koti ni lake, na atalivaa pale pale mbele ya watu likiwa limepinduliwa, ndani nje, mpaka apite lango la boma. Sababu nimewahi kuiuliza. Niliambiwa, "Ili watu waone umelichukua." Nilipouliza kwa nini ndani nje, niliambiwa, "Wewe ulisoma sana."

Mzee wa ukoo alinikabidhi koti likiwa limekunjwa, akasema maneno anayoyasema kila mara: "Chukua koti na kilicho ndani yake." Lilikuwa tayari bitana nje, nikalivaa hivyo hivyo. Mikono ilinipita kwa kiganja kizima. Kitu kilinichoma kifuani, nikadhani ni pini iliyosahauliwa na fundi wa nguo. Nikavumilia, maana ni aibu kujikuna kwenye hafla ya namna ile. Nilipofika Malaba nililitundika kabatini hivyo hivyo, ndani nje, na likakaa huko hadi asubuhi ile ya mvua, umeme umekatika, nilipolipapasa gizani, nikaligeuza na kutoka nalo.

Nilimweleza mlinzi haya yote. Alisikiliza bila kukunja uso. Kisha akasogea, akaishika nishani kwa vidole viwili kama mtu anayeshika sikio la mtoto, akaigeuza.

"Unajua hii ni nini?"

"Mjomba alitunukiwa na taifa. Utumishi uliotukuka jeshini."

"Hayo ni maneno ya juu ya bahasha. Nakuuliza kama unajua ni nini. Mimi nimekaa jeshini mpaka nikapewa barua ya kustaafu, na hii nimeiona kwa macho mara mbili. Hupewi kwa kuzeeka. Mjomba alifanya nini?"

Nikafungua mdomo, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sikuwa najua. Siku ya mazishi msomaji wa wasifu alisema marehemu alitumikia jeshi upande wa ugavi, akatajwa kwenye orodha ya heshima za taifa, makofi yakapigwa, kisha yakaja majina ya watoto. Na hata hilo la ugavi lilikuwa neno la familia. Mjomba alikuwa mpishi, na nikamwambia mlinzi hivyo. Alipika ugali na maharage ya askari mpaka alipostaafu, na sisi, wapwa na wanawe tuliokwenda shule, tuliona "ugavi" linakaa vizuri zaidi kwenye fomu.

"Mpishi," mlinzi akarudia, akiitazama nishani upya. "Sasa hapo ndipo penye neno. Vua hiyo kitu kabla hujakamatwa. Na kumbuka, jamaa wa marehemu akiivaa, huivaa kulia. Kushoto ni kwa mwenyewe."

Niliiweka mfukoni nikampigia simu mke wa mjomba.

"Mama, nimeipata nishani ya mzee."

"Iko wapi?"

"Kwenye koti."

"Koti gani?"

"Koti langu. Yaani, lake."

"Wewe! Nimepasua godoro! Nimemwaga gunia zima la mahindi nikitafuta. Nimemshuku mke wa jirani mpaka nimeacha kumsalimia kanisani. Na wewe unatembea nayo Malaba kama chifu?"

Siku ya mazishi kiti kando ya jeneza kilikuwa kimevishwa koti lile, na yeye mwenyewe ndiye aliyebandika nishani juu yake ili ionekane kwenye picha. Baadaye mtu akalikunja koti, bitana nje, na nishani ikaingia ndani kama mkate kwenye karatasi, huku yeye akidhani imeshabanduliwa na kuwekwa mahali. Alipomaliza kunigombeza, sauti yake ilibadilika. Akaniambia kwa nini alikuwa anaitafuta.

Naibu wa chifu alikuwa amepita kwake. Siku ya Mashujaa, uwanjani, familia za waliopewa heshima na taifa zingeitwa mbele moja moja. Yeye alikuwa kwenye orodha. Angesimama na nishani, apewe kipaza sauti, aseme mumewe aliipata kwa jambo gani. "Kwa maneno yako mwenyewe, mama," naibu alikuwa amemwambia, akidhani anampunguzia mzigo.

"Sasa mimi nitasema nini? Alikwenda Nairobi peke yake kuichukua, akarudi nayo ndani ya soksi. Nikamuuliza, umepewa ya nini? Akasema, ya kukaa. Nikamwambia, hata mimi nimekaa, mbona sijapewa? Akacheka, akaenda kufunga ng'ombe. Mpwa wangu, nimezaa na huyu mtu watoto watano. Nisimame mbele ya watu wa kanisa niseme sijui? Watasema nilikuwa nakaa na mgeni."

Nikamwambia nitairudisha nishani Jumamosi hiyo hiyo, na nitatafuta habari zake. Jambo la pili nililiahidi kwa wepesi wa mtu aliyezoea maktaba. La kwanza ndilo nililodhani ni rahisi.

"Ya kurudisha, muulize mzee wa ukoo kwanza," akasema.

Mzee wa ukoo alipokea simu shambani. Nilimsikia akimfukuza kuku.

"Kilichogawanywa siku ya kunyolewa hatukirudishi, mwalimu," akasema. "Ukirudisha, umemkataa aliyekuachia."

Nikamweleza tofauti kati ya kitu na kilichobandikwa juu ya kitu, hoja ambayo darasani ingenipa angalau dakika kumi za utulivu. Akaningoja nimalize.

"Ulilivaa koti mbele yetu?"

"Ndiyo, mzee."

"Kuna mtu alisema toa hiki, baki na hiki?"

"Hapana. Lakini hata nyinyi hamkuiona!"

"Ndiyo maana tunasema na kilicho ndani yake. Haya maneno hatuyasemi kwa ajili ya vitu ambavyo tumeviona."

Nimesoma vitabu vizito vya mantiki na sijakutana na jibu lake. Hatimaye akalegeza kidogo. Mama angeweza kuivaa siku hiyo, mradi niende mimi mwenyewe nimelivaa koti, nishani ikiwa mahali pake, naye aichukue kutoka kifuani kwangu kwa mkono wake, kama mtu anayeazima chumvi kwa jirani.

Ikabaki ile kazi ya maktaba. Nililipata tangazo rasmi la serikali. Namba ya utumishi, cheo, jina, na maneno yale yale ya utumishi uliotukuka. Juu yake jina la mwingine, chini yake jina la mwingine, kama matokeo ya mtihani ambao maswali yake yamefichwa. Niliandika barua pepe kwenye ofisi niliyodhani inahusika, nikajibiwa kwa adabu kwamba uzalendo wangu umepokelewa. Nikarudi kwa mlinzi wa yadi, mikono mitupu.

"Karatasi haitakwambia," akasema. "Tafuta mtu aliyekula chakula chake."

Yeye ndiye aliyemtafuta. Wastaafu wa jeshi wana mtandao wao wa simu ambao haulali wala haupotezi namba, na siku ya tatu akanipa jina la mtu wa Busia, dereva wa zamani, ambaye sasa anaziba matairi ya malori karibu na mpaka.

Nilimkuta ameketi juu ya rimu, mwanamume mnene mwenye mikono ya mafuta, anazamisha tyubu kwenye karai la maji akitafuta povu. Nilimwonyesha picha ya mjomba. Alitikisa kichwa. Nikamtajia kazi yake na nchi ya joto walikokwenda kulinda amani, ile ambayo mjomba aliiita tu "kule". Akaiacha tyubu ikaelea.

"Mpishi! Wacha! Uso siujui sana, boss. Mgongo ndio naujua. Nimeuangalia huo mgongo miezi mitatu. Ukinipangia migongo mia hapa sasa hivi, nitakuonyesha wake."

"Kwa nini mgongo?"

"Kwa sababu alikuwa mbele yangu."

Kambi yao, alivyoniambia, ilikuwa juu ya kilima, na kisima kilikuwa mbali chini, na barabara ya kati ilikuwa imetegwa mabomu na watu waliokuwa wamepita kabla yao. Wataalamu waliisafisha. Kisha mvua ikanyesha, udongo ukahama, na hapo hakuna aliyejua tena kilichokuwa wapi. Wataalamu walikuwa wameitwa upande mwingine wa nchi, na daraja la kuwarudisha lilikuwa limekwenda na maji. Matangi ya kambi yakaanza kulia utupu yakigongwa. Mkubwa wao akawakusanya madereva, akauliza nani ataendesha lori la maji.

"Sote tulitazama viatu vyetu," akasema. "Mimi vyangu hata mashimo ya kamba niliyahesabu. Mara tukasikia sauti kutoka jikoni. 'Afande, mimi bila maji sina kazi.' Tukacheka. Tulidhani analalamika tu."

Lakini mjomba alikuwa ameona kitu ambacho wenye bunduki hawakukiona. Kila siku alinunua mboga kwa akina mama wa pale, langoni. Walikuja kutoka upande wa kisima, na hawakuja kwa barabara. Walikuja kwa kukata kona, mara kushoto, mara kulia, na mbuzi wao nyuma. Akawauliza kwa mikono. Wakamwonyesha kwa mikono. Kesho yake kulipopambazuka akashika mwiko wa ugali, ule wa sufuria la watu mia, mrefu kama mpini wa koleo, akatangulia kwa miguu. Alidungadunga udongo, akafuata nyayo za akina mama na kinyesi cha mbuzi, na alipopita salama akafunga kitambaa cha gunia la unga kwenye kichaka.

"Na mimi nyuma yake na lori, gia ya kwanza, mguu juu ya klachi. Kila siku, maana mvua haikuacha. Nyayo za jana zilikuwa zimefutika."

"Hakuna aliyemtuma?"

"Nani amtume? Mpishi! Siku moja alisimama ghafla. Akaulaza mwiko chini, polepole, akarudi kinyumenyume akikanyaga nyayo zake mwenyewe mpaka mgongo wake ukagusa bampa yangu. Akasema, 'Hapa tuzunguke.' Mara mbili hivyo. Tukirudi na maji anawasha moto, anapika chai, anapita na birika akiuliza nani hajapata."

Nilimuuliza swali nililokuwa nimelibeba kwa niaba ya mtu mwingine: kwa nini hakuwahi kumwambia mkewe?

Aliinua tyubu, akaitazama kwenye mwanga. "Wewe umeoa? Umwambie mama kitu kama hicho, halafu likizo iishe. Atakuachilia urudi?"

Nilimpelekea mama habari hizo siku chache kabla ya sherehe. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nilimweleza kwa mpangilio, kama ninavyojua, na nikamwona anatoa vijiwe, anatoa vijiwe, mpaka nilipofika kwenye mwiko. Vidole vikasimama.

"Mwiko wa ugali?"

"Ndiyo, mama."

"Wakati huo nilikuwa nanyonyesha kitindamimba. Barua zake za huko ninazo. Unajua alikuwa ananiandikia nini? Chumvi. Ati chumvi ya kule haikolei. Kurasa mbili, chumvi." Akausukuma ungo kando. "Anatembea kwenda kufa kila asubuhi, na mimi ananiandikia chumvi!"

Nikamwambia alichosema dereva kuhusu likizo.

"Alisema kweli," akasema. "Nisingemwachilia. Ningemfichia viatu." Kisha akaanza kulia, na mimi nikachukua ungo nikaendelea kuchambua, vibaya, mpaka aliponinyang'anya.

Siku ya Mashujaa jua lilikuwa kali kupita kiasi kwa mtu aliyevaa koti la sufu la mtu mrefu. Mzee wa ukoo alikuja kushuhudia. Nyuma ya hema la wageni mama alisimama mbele yangu na sare yake ya kanisa, akaifungua nishani kifuani kwangu bila kunitazama usoni, na nikamsaidia kuibandika upande wa kulia. Vidole vyake vilikuwa baridi katika joto lile.

Hotuba zilikuwa ndefu. Mradi wa maji ulisifiwa, na barabara, na tena mradi wa maji. Kufikia zamu ya familia, mkuu wa sherehe alikuwa akiangalia saa na kusema dakika moja, dakika moja tu, akina mama. Aliyetangulia aliomba tu mtoto wake akumbukwe katika sala. Kisha akaitwa yeye.

Nilikuwa nimemwandikia karatasi. Aya tatu, zimepangwa vizuri, na neno "ujasiri" mara mbili. Aliiacha kwenye kiti.

"Mume wangu hakuwa mtu wa ugavi," akasema, na kipaza sauti kikapiga kelele, akakisogeza. "Siku ya mazishi mlisomewa ugavi. Alikuwa mpishi."

Kwenye safu yetu binamu zangu waliinamisha vichwa. Mmoja alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha.

"Kulikuwa na barabara ina mabomu na watu hawana maji. Akatembea mbele ya lori na mwiko. Kila asubuhi. Mimi sikujua. Nilikuwa nyumbani na mtoto, namkasirikia kwamba haandiki mambo ya maana." Hata wauza miwa kule nyuma waliacha kukata. "Nimejua juzi. Nimeona niwaambie nikiwa bado nashangaa."

Mwanamke mmoja kwenye nyasi, mwenye mwavuli wa njano, akapaza sauti: "Na huko alikuwa anapika nini, mama?"

"Sijui, dada. Nyumbani hakuwahi kugusa sufuria."

Kicheko kilianza kwa wanawake, kikapita mahemani, kikamfikia hata naibu wa chifu. Mama mwenyewe alicheka, mkono umefunika nishani ili isitikisike. Dakika yake ilikuwa imepita zamani na hakuna aliyemwambia.

Alirudi akaketi kando yangu. Nilingoja aseme neno kuhusu hotuba, au anirudishie nishani mbele ya mzee wa ukoo, ambaye wakati huo alikuwa ameshughulika sana na kamba ya kiatu chake. Badala yake alifungua mkoba, akavaa miwani na kutoa simu.

"Nipe namba ya yule dereva."

"Ya nini, mama?"

"Nimeolewa na mtu miaka arobaini, nimeanza kumjua wiki iliyopita. Nina maswali." Akaweka kidole tayari juu ya kioo. "Kwanza nataka kujua wale akina mama wa mboga. Walikuwa wanamwita nani?"

Nikamtajia namba, tarakimu moja moja, huku mkuu wa sherehe akiita familia inayofuata.